Chupa Chini ya Meza

Kwa miezi kumi na minne, kila Jumatatu asubuhi, alipanda ngazi za ofisi ya gazeti na bahasha kwapani, na kila Jumatatu alishuka nayo ikiwa na uzito uleule. Walinzi wa getini walimwita Ramani, kwa sababu siku ya kwanza walipomuuliza kazi yake alijibu, "Nachora ramani za viwanja," na jina likamganda. Chumba cha habari nacho kikalidaka, na baada ya muda hata mhariri akasahau kwamba mwanamke huyu alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake.

Ukweli ni kwamba ramani alikuwa hachori tena. Ofisi ya ardhi ilinunua mashine, na mashine haikuwa na haja ya watu sita wenye rula na wino; ilitosheka na mmoja wa kuibonyeza. Ramani akawa miongoni mwa wale watano walioachishwa kazi. Alikuwa na miaka thelathini na saba, mkono usiotikisika, na tabia ya tangu utotoni ya kuwachora watu pembeni mwa daftari. Akajiambia: hapa sasa ama nife njaa ama niwe mchora katuni. Kaka yake aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akamwambia, "Haya, mdogo wangu. Ukishindwa utarudi, nyumba ipo."

Aliyekuwa akizipima kazi zake pale gazetini ni mzee mmoja mfupi, mkavu, asiyejua kubembeleza. Kwa miaka thelathini alikuwa amezitia sahihi katuni zake kwa nukta moja nyeusi, kubwa kiasi cha punje ya mtama, na kila mtu alimwita Nukta. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Akishika kikombe alikishika kwa mikono miwili, na akikuona unamtazama alikukata jicho ukakoma.

"Hizi si katuni," alimwambia Ramani mara ya kwanza. "Hizi ni picha za pasipoti za watu waliokasirika."

Mara ya pili alimwambia, "Huyu diwani umemchora kana kwamba kesho utamwomba kiwanja."

Mara ya tano, ya sita, alichungulia tu ndani ya bahasha na kuirudisha. Ramani alijikaza. Alirudi nyumbani akachora mikono mia moja: mikono inayohesabu, inayonyoosha kidole, inayojificha mfukoni. Alichora visogo vya watu kwenye foleni, mpaka akaweza kumtofautisha mwenye haraka na mwenye hasira kwa shingo tu. Alijifunza kuondoa maneno. Nukta alikuwa amemwambia kwamba katuni ikihitaji kuelezwa ni barua, na barua zina ukurasa wake. Mwezi wa kumi alifanikiwa kumfanya mzee yule acheke kwa pua, mara moja. Aliishi na kicheko hicho wiki nzima.

"Mkono unao," Nukta alikiri. "Tatizo lako ni huruma. Unafika mlangoni kwa mtu, unabisha hodi, halafu unakimbia."

Mwezi wa kumi na nne mhariri akamwita. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi, aliyezungumza kwa uchache kana kwamba maneno yake ni ya kukodi. Akamwambia kwamba Nukta anaondoka mwisho wa mwezi, kwamba kuna vijana wawili wengine wanaoitaka nafasi ile, na kwamba atakayeleta katuni moja ya kuwasimamisha watu barabarani ndiye atakayekaa kwenye kiti. "Moja tu," alisema. "Nyingine zitakuja zenyewe."

Wakati huo mji ulikuwa na habari moja: maji. Wiki ya tatu sasa, mabomba ya mitaa ya bondeni yalikuwa yakitoa maji ya rangi ya chai, yenye harufu ya matope na kitu kingine ambacho watu hawakutaka kukitaja wakiwa mezani. Watu waliharisha, wakalazwa. Watatu walikuwa wameshazikwa. Shirika la maji lilisema bomba limetikiswa kidogo na ukarabati wa barabara, maji ni salama, wananchi wasitiwe hofu. Na siku ya Alhamisi, ili kumaliza ubishi, msemaji wa shirika alikaa mbele ya kamera, akajimiminia glasi kutoka kwenye jagi, akainywa yote bila kupumua, akaiweka mezani na kutabasamu.

Msemaji yule alikuwa kaka yake Ramani.

Gazetini hakuna aliyelijua hilo. Hakuwa ameficha, hakuna aliyemuuliza. Kaka alikuwa amemzidi miaka kumi na moja. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyemshika mkono kumpeleka shule, akasaini ripoti zake kwenye mstari wa mzazi, akamtafutia nafasi pale ofisi ya ardhi. Alikuwa mtu wa mizaha, mwenye sauti nzuri ya kusomea taarifa, na akinywa kitu chochote, hata dawa ya kikohozi, kidole chake cha mwisho kilisimama peke yake hewani kama kinachotaka kuuliza swali. Mama yao alimchapa sana kwa ajili ya kidole hicho. Hakikulala.

Jumapili ile Ramani alikwenda kula kwa kaka, kama kawaida yake. Wifi yake alikuwa amechemsha maji tangu alfajiri, na sufuria tatu zilikuwa zinapoa dirishani zikiwa zimefunikwa kwa vitambaa. Walipokuwa wanakula, wifi akasema, "Muulize kaka yako, yale maji ya kwenye televisheni yalikuwa na ladha gani."

Kaka akaangalia mlangoni kuhakikisha kwamba watoto wameshatoka kucheza. "Matamu," alisema. "Sijapata kunywa maji matamu kama yale. Mkurugenzi alimtuma dereva akanunue katoni nzima dukani. Tukayamimina kwenye jagi kabla waandishi hawajaingia, chupa tukazisukumia chini ya meza. Mimi nimekaa pale na uso wa huzuni ya taifa, na kila nikisogeza mguu nasikia kwaru, kwaru. Nikasema leo nikikohoa tu, nimekwisha."

Walicheka. Ramani ndiye aliyecheka kuliko wote. Machozi yalimtoka, ikabidi aweke kijiko chini. Baadaye, alipojaribu kujiambia kwamba tangu pale mezani alikuwa ameshaudhika, hakuweza, kwa maana alikumbuka vizuri kile kicheko.

Jumatatu jioni aliporudi chumbani kwake aliwakuta majirani wamesimama uani. Mtoto wa fundi cherehani wa chumba cha pili, msichana wa miaka minne aliyekuwa na mazoea ya kumletea Ramani mawe ya kuchorea, alikuwa amepelekwa hospitali mchana akiwa hawezi kukaa. Fundi mwenyewe alikuwa amerudi kuchukua kanga za kubadilisha. Alizikunja kwa uangalifu, moja baada ya nyingine, akilinganisha pindo, kana kwamba za mteja.

"Nilimpa mwenyewe," alisema, bila kumtazama mtu. "Nilikuwa nachemsha. Alhamisi nikaona yule baba kwenye televisheni amekunywa, nikasema basi, mkaa wenyewe umekwisha. Nikampa."

Ramani aliwapita majirani. Aliingia ndani akakaa kitandani na viatu.

Jumanne saa nne asubuhi alikuwa gazetini, ingawa siku yake ilikuwa imepita. Aliomba meza. Nukta akamsukumia pembe ya meza yake mwenyewe, karibu na dirisha, na kumwambia ukurasa unafungwa saa tisa na nusu.

Alianza kwa kumchora mkurugenzi wa shirika: mtu mwenye kitambi, amekalia bomba linalovuja. Nukta alipita nyuma yake.

"Huyu nani?"

"Mkurugenzi."

"Nani anamjua? Hata mke wake akimwona hapo atauliza ni nani. Watu wamemwona yule aliyekunywa."

"Yule ametumwa tu, mzee."

"Basi mchore anavyotumwa."

Ramani alichukua karatasi nyingine. Alichora meza, kitambaa kirefu, jagi. Alichora foleni ya watu wa bondeni nyuma, wamekumbatia ndoo, visogo tu. Alimwachia yule mtu wa katikati nafasi nyeupe, akawa anazunguka pembeni yake, akitia kivuli hiki na kile, mpaka saa sita. Kisha akachora mkono na glasi, na kidole kikasimama. Hakukifikiria, kilisimama chenyewe. Baada ya hapo uso ulikuja kwa mstari mmoja, kuanzia paji hadi kidevu, bila kuinua kalamu, na macho, na ile tabasamu ya kusubiri kusifiwa ambayo aliijua tangu akiwa na miaka mitatu. Katika maisha yake hakuwahi kuchora kitu kikafanana hivyo. Mwili mzima ulimsisimka. Aibu ilikuja baadaye. Kilichotangulia kilikuwa furaha, na hilo ndilo jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Chini ya meza, nyuma ya pindo la kitambaa, alichora chupa za dukani, tupu, zimelala kama walevi.

Saa nane na robo alitoka kwenye korido akampigia kaka yake simu. Iliita mara mbili.

"Nipo kikaoni, mdogo wangu," kaka alinong'ona. "Kuna nini? Umekula?"

"Nimekula."

"Mama mzima?"

"Mzima. Nilitaka kukusalimu tu."

"Haya. Nitakupigia jioni." Akakata.

Ramani alibaki ameishika simu, akitazama ukutani palipobandikwa ratiba ya zamu. Angeweza kupiga tena. Angeweza kurudi mezani na kumpa yule mtu masharubu. Alirudi, akaupaka wino mstari wa mwisho wa kitambaa, akaipeleka kwa mhariri.

Mhariri aliitazama muda mrefu. Alianza kutabasamu, kisha akaacha.

"Hizi chupa umezitoa wapi?"

"Ni katuni tu," Ramani alisema.

"Najua ni katuni. Wakinipigia simu kesho, nataka kujua kama tumebuni au tunajua."

"Nimebuni."

Mhariri akamtazama yeye sasa, kama alivyoitazama karatasi. "Weka jina," alisema.

"Siwezi kuweka alama tu? Kama Nukta?"

"Nukta aliweka jina miaka kumi kwanza. Weka jina."

Akaandika *Ramani* kwenye kona, kwa herufi ndogo za mtu wa viwanja.

Jumatano asubuhi mji ulikuwa unacheka. Watu waliikata katuni wakaibandika kwenye vioo vya maduka. Waliipiga picha na kutumiana kwenye simu mpaka ikawafikia wasiosoma gazeti kabisa. Vijana wa bondeni wakawa wakinywa soda wanasimamisha kidole. Mchana dereva wa shirika la maji, aliyedhani siri imeshavuja, alimhadithia mwandishi mmoja habari za katoni, kwa kirefu, na kwa jina lake kamili. Alhamisi ikawa habari ya ukurasa wa kwanza. Jumamosi maji ya bondeni yalifungwa, magari ya maji safi yakaletwa, na mafundi waliochimba karibu na barabara wakalikuta bomba limepasuka ndani ya mfereji wa maji machafu. Wodi zilianza kupungua watu. Mtoto wa fundi cherehani alirudi nyumbani siku ya tisa, shingo imekuwa nyembamba kama ya ndege, akiuliza mawe yake yako wapi.

Hayo yote yalikuwa mema, na Ramani alijitahidi kuyahesabu kila siku.

Mkurugenzi naye alitoa taarifa. Alisema amesikitishwa na kitendo cha ofisa mmoja aliyetumia chupa za dukani kwa uamuzi wake binafsi, bila uongozi kufahamu. Ofisa huyo, ilisema taarifa, amekwishaondolewa kwenye nafasi yake.

Ramani alikwenda nyumbani kwa kaka Jumapili iliyofuata, kwa mguu, ili achelewe kufika. Wifi yake alifungua mlango nusu. Hakuonekana kuwa na hasira, alionekana amechoka.

"Yupo," alisema. "Ila kwako hayupo."

"Wifi, niache niongee naye dakika mbili."

"Ulikula hapa," wifi alisema. "Nilikupakulia mimi mwenyewe." Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na Ramani akasikia kitasa kikizungushwa.

Kwa mama yao hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mama hakumfukuza. Alimkaribisha, akampa chai. Gazeti lilikuwa limekunjwa juu ya kabati.

"Umemchora vizuri," mama alisema. "Amefanana. Angekuwa hajafanana ningesema ni mtu mwingine. Majirani wamekuja, nikawaambia ni mtu mwingine, wakanitazama tu."

"Mama, watu walikuwa wanakufa."

"Najua. Sijasema umekosea." Mama akachezea kikombe. "Nakuambia nilivyojisikia."

Kiti alikipata. Mwisho wa mwezi Nukta alifungasha vitu vyake kwenye boksi moja, na Ramani, ambaye hakuwa amelala vizuri kwa wiki mbili, alijikuta anamsaidia kufunga kamba, maana mikono ya mzee haikuliweza tena fundo.

"Kaka yako anaendeleaje?" Nukta akauliza.

Ramani aliachia kamba. "Nani amekuambia?"

"Masikio. Mna masikio mamoja. Niliona tangu saa saba siku ile ulipokuwa unayachora."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukakaa kimya."

"Ningesema, ungeacha," Nukta alisema. Hakusema kwa ukali. "Na ungeacha, wale watu wangekunywa wiki nyingine mbili. Na wewe ungerudi kuchora pasipoti. Mimi nilipima."

"Ulipima kwa ndugu yangu."

"Ndiyo," alisema mzee. "Mambo yangu ya namna hii niliyapima zamani. Usidhani huwa yanaisha." Akalikumbatia boksi kifuani akaondoka, na kwenye ngazi walimsikia akimkataza mlinzi kumsaidia.

Ramani alijaribu kuweka mambo sawa kwa njia aliyokuwa nayo. Alimchora mkurugenzi amejificha nyuma ya mgongo wa karani, ameushika kama ngao. Ilikuwa katuni nzuri. Mhariri aliichapisha bila kubadilisha kitu. Hakuna aliyeibandika popote. Wiki hiyo watu walikuwa wanazungumzia bei ya mafuta, na mkurugenzi aliendelea kukalia kiti chake.

Mwezi wa pili baada ya katuni ile ya maji ndipo alipopata ujasiri wa kwenda kwenye bohari ya shirika la maji, nje ya mji, alikopelekwa kaka yake. Ilikuwa ni banda kubwa la bati lenye joto la kuivisha, mabomba yamepangwa kwa ukubwa, na kwenye meza ndogo mlangoni kaka yake alikuwa anaandika kwenye kadi idadi ya viungo vya bomba vilivyotoka. Alimwona akija tangu mbali. Hakuinuka, wala hakujifanya hamjui.

"Kaa," alisema, akamwonyesha boksi la valvu.

Alikaa. Walisikiliza bati likilia kwa jua.

"Nina swali moja tu," kaka alisema. "Siku ile uliponipigia simu, katuni ilikuwa imeshachapwa?"

"Bado."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nane na robo. Katuni ilikuwa bado mezani kwangu."

Kaka alitikisa kichwa polepole. "Ungeniuliza."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali. Ningekutukana. Ningekuja hapo gazetini na kuvuruga kila kitu." Akafunika kalamu. "Lakini ungeniuliza."

Ramani aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa ajili ya kutukanwa. Alikuwa na maneno mengi kuhusu mtoto wa fundi cherehani na makaburi matatu, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililojibu hilo.

"Nisamehe," alisema.

"Maji yale nilijua ni mabaya," kaka alisema, kama ambaye hakumsikia. "Usifikiri sikujua. Usiku nilikuwa nawaza, kuna mtu atakunywa kwa sababu yangu. Asubuhi navaa tai naenda. Kwa hiyo sikulaumu kwa habari yenyewe. Ninachojiuliza ni Jumapili ile. Ulikuja kula, au ulikuja kuchora?"

"Nilikuja kula."

"Una uhakika?"

Alifungua kinywa kusema ndiyo, na mbele yake aliiona meza ile, na kaka akiinua glasi, na yeye mwenyewe katikati ya kicheko akikitazama kidole, akikipima. Alikuwa amekitazama. Hakukumbuka siku ambayo hakuwa anatazama.

"Sina," alisema.

Kaka alicheka kidogo, kicheko kisicho na mzaha ndani yake. "Angalau hilo umelisema." Gari la mafundi likaingia, na yeye akainuka kwenda kuwapa walichofuata. Aliporudi alimwuliza kama amepata usafiri wa kumrudisha mjini. Alipomwambia hana, akamwombea lifti kwa mafundi wale wale.

Sasa wanaonana kwa mama kila baada ya wiki mbili. Wifi yake humjibu salamu. Kaka humpa kiti, humuuliza afya, humweleza habari za mvua na za barabara ya bohari ilivyoharibika, na kuhusu kazini kwake hasemi lolote. Akiingia Ramani wakati wengine wanazungumza, sauti hushuka kidogo, na kuna mjomba mmoja ambaye kila mara husema, "Jamani, mkae vizuri, msije mkatoka gazetini," na watu hucheka. Ramani hucheka nao. Kisha mazungumzo huanza upya, yakiwa yamesafishwa, na yeye hukaa palepale na mikono mapajani, akijitahidi kuangalia sakafu.